“Laiti Angekuwa Mkristo”: Mwislamu katika tenzi za kishujaa za Ulaya

Katika Wimbo wa Roland, utenzi wa Kifaransa wa karibu mwaka 1100, mtunzi anamsifu Baligant, amiri wa Waislamu: mabega mapana, uso mkali, amepanda farasi wake wa vita. Kisha linamtoka: Mungu wangu, shujaa gani huyu, laiti angekuwa Mkristo!

Wanaosema tenzi hizi zilikuwa propaganda ya Vita vya Msalaba wana hoja nzito. Mwaka 778, waliolivamia jeshi la Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, kule Roncevaux, milimani kati ya Ufaransa na Hispania, walikuwa Wabasque, wenyeji wa milima ile, wala si Waislamu. Utenzi umewageuza kuwa jeshi kubwa la Waislamu, tena wanaoabudu masanamu, moja likiwa la Mtume Muhammad mwenyewe! Zaragoza, mji wa Waislamu huko Hispania, unapotekwa, anayekataa ubatizo anauawa.

Upande wa pili, wanaoona kuwa tenzi hizi zilimheshimu Mwislamu, wanataja mapenzi na udugu. Katika kisa kimoja cha Kifaransa, Floire, mtoto wa mfalme Mwislamu, anampenda Blancheflor, binti Mkristo waliyelelewa pamoja, na anamfuata hadi utumwani. Katika Parzival, utenzi wa Kijerumani wa Wolfram von Eschenbach, shujaa anapigana na mgeni kutoka Mashariki, kumbe ni Feirefiz, ndugu yake wa baba mmoja. Ni visa vitamu, sikatai. Lakini tazama vinavyoishia: Floire anabatizwa, na Feirefiz naye anabatizwa ili apate mke. Mlango uko wazi, ila viatu vya dini yako uviache nje. (Nasi wa pwani tusicheke sana. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unamtaka Herekali, mfalme wa Rumi, asilimu, na anapokataa ni vita.)

Kwa hiyo mimi huuliza swali moja tu: nani anaheshimiwa huku akibaki Mwislamu hadi mwisho? Jibu lipo Hispania, katika utenzi wa karibu mwaka 1200 kuhusu El Cid, shujaa Mkristo. Si utenzi wa upole. El Cid anapoiteka Alcocer, Waislamu wa huko wanaachwa hai kwa sababu kuwaua hakuna faida, afadhali watumikishwe. Lakini El Cid wa kweli alipofukuzwa kwao alimtumikia mfalme Mwislamu wa Zaragoza miaka kadhaa, na mpakani kati ya Wakristo na Waislamu watu walijuana kwa majina.

Ndipo anapoingia Abengalbón, Mwislamu, mtawala wa mji wa Molina na rafiki wa El Cid. Anaombwa wapanda farasi 100 wa kuisindikiza familia ya El Cid, anakuja na 200. Baadaye waume wa binti za El Cid, Wakristo wa ukoo bora, wanakula njama wamuue Abengalbón wachukue mali yake. Mwislamu mmoja anayejua lugha yao anawasikia na kumtonya. Abengalbón anawakabili: isingekuwa heshima ya El Cid, ningewafanya kitu ambacho dunia nzima ingekisikia. Kisha anamwomba Mungu, Bwana wa ulimwengu wote, ajaalie ndoa hiyo imridhishe rafiki yake, na anageuza farasi kurudi Molina. Hakuna anayemtaka abatizwe.