Mheshimiwa, wewe ni wa wodi au ni wa chama?

Aprili 2025 natoka shifti ya usiku, nafika kona ya mtaa wetu hapa Birmingham, Uingereza, nakuta mifuko myeusi ya taka imepandana mpaka kifuani kwangu, mmoja umepasuka chini nepi zimemwagika njiani na panya anakula pale mchana kweupe wala hashtuki mtu akipita. Kilichonijia kichwani kwanza wala si ile harufu, ni kufuli. Kufuli la dispensari ya kwetu pwani ya Kenya, mwaka wa 2017, nitaeleza mbele.

Wazoa taka wa hapa waligoma kabisakabisa tangu 11 Machi 2025, chama chao cha wafanyikazi kinaitwa Unite. Baraza la jiji liliondoa cheo fulani kwenye lori la taka, wafanyikazi wakasema wengine watapoteza mpaka pauni 8,000 kwa mwaka, baraza likasema hapana, watakaoumia hivo ni wachache sana na hesabu si hiyo. Ilipofika 31 Machi baraza likatangaza hali ya dharura manake mitaani kulikuwa na tani 17,000 za taka. Majani yalipoanza kudondoka mwaka huo wa 2025 mgomo ulikuwa bado upo, lori lilipita lakini liliendeshwa na vibarua wa mawakala, na zile chupa na makaratasi ya kurejelezwa hayakuchukuliwa kabisa.

Sasa jambo lililonigusa mimi ni hili. Baraza hili wakati huo liliongozwa na Labour, na Labour ni chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyikazi, mwaka wa 1900 huko, yaani Unite na Labour ni mtu na ndugu yake, Unite walikuwa wakikichangia chama pesa. Halafu baraza la Labour ndo likagombana na Unite mpaka mahakamani, na mwezi wa saba Unite wakapiga kura kumsimamisha uanachama Angela Rayner, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri mkuu na waziri wa serikali za mitaa, pamoja na John Cotton aliyekuwa kiongozi wa baraza. Fikiria sasa wewe ni diwani wa kawaida wa Labour, mfukoni una kadi ya chama na kadi ya Unite. Utasimama wapi?

Mimi nilienda kumuuliza mmoja. Huku madiwani wengi wana siku ya kukaa na watu, hivi jumamosi kwenye maktaba, unaenda tu huna haja ya kujuana na mtu, unapanga foleni na shida yako. Nilikaa nyuma ya mzee mmoja Mpakistani aliyebeba picha za panya amezitoa kwenye simu akazichapisha kabisa. Zamu yangu ilipofika nikamwambia diwani, mimi kazi yangu ni kulea wazee, nyumbani kwetu nimeona mgomo, naomba uniambie tu ukweli wewe uko upande gani. Akanyamaza kidogo. Akasema ndani ya kikao cha madiwani wa chama alisema mambo yote aliyotaka kusema, wakapiga kura akashindwa, na wakishatoka pale kiranja, yule msimamizi wa nidhamu ya chama, anataka wote waseme kauli moja, ukivunja unasimamishwa kwenye kundi. Tena akaongeza kwamba tangu 2023 jiji liliposema halina uwezo wa kulipa madeni yake, serikali kuu imeleta makamishna na hao ndo wana neno la mwisho kwenye mambo mengi ya pesa.

Sikumchukia. Lakini nilitoka nikiwa na kitu kooni, manake wodi nzima haikumchagua aende kupiga kelele kwenye chumba kilichofungwa.

Na nisiwe mtu wa upande mmoja, kuna wanawake kwenye hii hadithi na mimi ni mwenzao. Wapishi wa shule, wasafishaji, walezi, walienda kortini kitambo wakilalamika kwamba kazi za wanaume kama hawa wa taka zinapewa bonasi na zao hazipewi, wakapigana mpaka Mahakama ya Juu 2012 wakashinda, na baraza limelipa zaidi ya pauni bilioni 1 kwa madai ya namna hiyo. Hicho cheo kilichogombaniwa 2025 kilitokana na kumaliza mgomo wa wazoa taka wa 2017, na baraza lilisema likikiacha wanawake watakuja kudai tena. Mimi namuelewa mzoa taka mwenye watoto na rehani ya nyumba, na namuelewa pia mama aliyepika miaka 20 kwa malipo ya chini. Haya ndo mambo diwani alifaa kuyabeba mlango kwa mlango awaeleze watu, na badala yake mlangoni kwangu nikaletewa karatasi ya chama imeandikwa tunafanya kila tuwezalo. Kwenye mgomo ule wa 2017 kiongozi wa baraza wakati huo, John Clancy, alitangaza mapatano, baraza likayakana, akajiuzulu mwezi wa tisa.

2017 hiyohiyo, kwetu.

Wauguzi wa Kenya waligoma kuanzia 5 Juni mpaka mwanzo wa Novemba, kama siku 150 hivi, na katikati hapo tukapiga kura 8 Agosti. Anayejua vijijini anajua dispensari ni muuguzi, hakuna daktari pale, muuguzi akigoma mlango unafungwa kwisha. Dadangu alikuwa na mtoto wa miezi 9 anahitaji chanjo ya surua. Alitembea na mtoto mgongoni kwa leso, kitabu cha kliniki amekitia kwenye mfuko wa plastiki kisilowe, akakuta kufuli. Wiki mbili baadaye akarudi, kufuli. Mara ya tatu nilikuwa naye mimi mwenyewe, na tukiwa tumekaa kivulini pale chini ya mwembe gari la kampeni likapita na spika juu, MCA wetu, yaani mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, anatafuta kurudi, vijana wanarusha tisheti. Akashuka kusalimia akina mama manake tulikuwa wengi. Dadangu akamsogelea kwa adabu zote, mheshimiwa, watoto hawajachanjwa, mwasemaje huko bungeni? Akamshika bega akamwambia, dadangu hilo ni la gavana, na gavana ni mtu wetu, tusimwaibishe wakati huu wa kura, mkishatupa kura tutalimaliza. Akampa leso yenye rangi za chama.

Mtoto alichanjwa Novemba ana mwaka na zaidi. Katikati hapo kuna usiku alichemka mwili akatoka vipele na sisi tukakaa macho mpaka adhana ya alfajiri tukisema ndo surua hii, haikuwa, Mungu alisaidia.

Sasa mimi nikilinganisha, watu huwa wanatarajia nitasema Ulaya wako mbele. Kwa utiifu wa chama hawatushindi, kiranja ni kiranja. Kuna tofauti moja lakini ambayo wengi nyumbani hawaijui, diwani wa Uingereza akikihama chama kiti chake kinabaki, anaendelea kukaa kama huru mpaka uchaguzi. MCA wetu akikihama chama katiba inasema amepoteza kiti, kifungu cha 194. Kwa hivo woga wake una msingi wa sheria, hilo nakubali. Ila kuuliza swali bungeni kuhusu wauguzi si kuhama chama! Hakuna sheria inayomfukuza MCA kwa kumtetea mtoto wa wodi yake apate chanjo.

Na meno wanayo kuliko hawa wa huku. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013, bunge la kaunti ndo linapitisha bajeti, kamati inaweza kumwita waziri wa afya wa kaunti aje na makaratasi ya mishahara aeleze pesa iko wapi, katiba imewapa nguvu ya kuita mashahidi kama ya mahakama kuu. Gavana mwenyewe wanaweza kupiga kura ang'olewe, Seneti ikamalizia, waliona Nairobi Desemba 2020 gavana Sonko aliondoka, Kiambu gavana Waititu aliondoka Januari mwaka huohuo. Hakuna kamishna wa kutoka serikali kuu amewakalia kichwani kwenye pesa kama hawa wa Birmingham. Wakitaka wanaweza, tumewaona wakiweza. Huko Kiambu madaktari waligoma tangu mwisho wa Mei 2025, zaidi ya miezi minne, na kila nilipokuwa nikisoma habari zake nilimfikiria tu mama mjamzito anayezungushwa, na jina la mwakilishi wake wa wodi.

Simwambii MCA aende kukaa na wagomaji barabarani kama hataki, wala simwambii ampinge gavana kila siku. Mgomo ni haki ya mfanyikazi, kifungu cha 41, na gavana pia ana hesabu zake. Mimi nataka aite baraza la wananchi ndani ya wiki ya kwanza ya mgomo, si mwezi wa nne wake, asimame na karatasi mkononi aseme wauguzi wanadai hivi, kaunti inasema hivi, mimi nimeuliza hivi na nikajibiwa hivi, na hapa kwetu chanjo mtazipata mahali fulani siku fulani nimeongea na hospitali ya misheni. Gavana akikasirika akasirike.

Juzi nimeongea na dadangu kwa simu. Yule mtoto ameshakua, yuko shule ya msingi. Akaniambia yule mheshimiwa alishindwa 2022 lakini ameanza kuzunguka tena kwenye mazishi, ya 2027 hiyo. Nikamuuliza akija utamwambia nini. Akasema ile leso anayo, hajawahi kuivaa hata siku moja, atamrudishia mbele ya watu halafu amuulize lile swali la chini ya mwembe upya, mwasemaje huko bungeni, na safari hii hataki kushikwa bega.