Kufuli mlangoni si notisi

Julai 2024, Ziwa Tanganyika likiwa bado limefungwa kwa uvuvi, nilimkuta mama mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa barazani kwa jirani yetu, hapa Katubuka, Kigoma. Mlango wa chumba chake ulikuwa na kufuli jipya, karatasi ya bei bado imebandikwa kwa chini. Ndani mlikuwa na sare za mtoto na sufuria ya maharage aliyoyachemsha alfajiri. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa Kibirizi. Alikuwa anadaiwa kodi ya miezi miwili.

Nilimuuliza mwenye nyumba kama alimpa notisi. Akajibu, "Si nilishamwambia?"

Jibu hilo linanikera mpaka leo, na nasema hivi nikiwa upande wa wenye nyumba. Marehemu baba alituachia vyumba sita na mimi ndiye ninayekusanya kodi. Dawa za mama zinatoka humo. Najua inavyouma kumwona mpangaji anapita na mfuko wa nyama wakati kodi yako ya mwezi wa pili hujaiona. Kuna aliyenihama usiku na deni la miezi mitatu, na ufunguo akaondoka nao. Kwa hiyo sidai wapangaji wakae bure. Ninachodai ni karatasi.

Wenzangu wengi wanaamini kwamba tangu ile sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, kila mtu ni mfalme kwenye ua wake. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima ya upangaji. Kama hamkuandikiana muda maalumu na kodi inahesabiwa kwa mwezi, basi huo ni upangaji wa mwezi kwa mwezi, na notisi ya kuuvunja haipaswi kupungua mwezi mmoja. Mpangaji akigoma kutoka muda ukiisha, wa kumtoa si wewe na vijana wawili wa kijiweni. Mnaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na huko ukifika utaulizwa: notisi iko wapi? "Nilishamwambia" haina tarehe wala sahihi.

Nawasikia wanaosema mwezi mzima ni mrefu mno. Labda kwa mji mwingine. Hapa kwetu dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni siku kadhaa, na fedha inakauka kuanzia kwa mvuvi, kwa mwanikaji, kwa mama wa chai, hadi kwa bodaboda anayebeba magunia. Ukimpa mtu siku saba zikaangukia kwenye mbalamwezi, umempa siku saba za kutazama maji. Ukimpa mwezi, lazima apate giza moja la kufanya kazi. Huo mwezi wa sheria kwetu Kigoma una hesabu yake kabisa.

Kwa yule mama, nakubali, hata mwezi usingetosha. Ziwa lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15. Lakini hapo ndipo ninapoumia zaidi, maana tarehe ya kufunguliwa ilijulikana na kila mtu. Wangeweza kukaa chini, wakaandika kwamba deni litaanza kulipwa nusu nusu kuanzia Septemba, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Badala yake mwenyekiti aliitwa siku ya tatu, kufuli likafunguliwa, yale maharage yakamwagwa nyuma ya choo. Mama akahamia Gungu kwa dada yake. Deni halikulipwa, na chumba kilikaa kitupu kwa muda, kwa sababu habari za kufuli zinatembea haraka kuliko dalali.

Mimi sasa naandika notisi kwa mkono, ukurasa mmoja wa daftari. Jina la mpangaji, chumba, miezi anayodaiwa na jumla yake kwa shilingi, tarehe ya leo, tarehe ya mwisho. Nakala moja yake, moja yangu, moja kwa mwenyekiti. Anasaini kwamba ameipokea, hata kama hakubaliani nayo. Mara ya kwanza nilimpelekea kijana wa bodaboda, naye alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mwezi huu umejumlisha mara mbili." Ni kweli, nilikosea. Tukarekebisha palepale, akaanza kupunguza deni Jumamosi ile. Kwa mdomo tungegombana.

Ningependa ofisi za mitaa zetu, Katubuka, Mwanga, Gungu hadi Ujiji, ziwe na fomu ya notisi iliyokwisha chapwa, ikae pale pale zinapokaa barua za utambulisho. Mwenye nyumba akileta mpangaji mpya kuandikishwa kwa mwenyekiti, wote wawili waione na wasomewe siku hiyo, kabla hakujawa na deni na kabla hakujawa na hasira.