Treni ya Kaskazini ni ya Same na Mombo kabla ya kuwa ya Dar

Kila ikitajwa treni ya Arusha, mjadala huishia kwenye saa: basi linaondoka alfajiri na kufika Dar siku hiyohiyo, treni inalala njiani. Ni kweli. Kama kazi ya reli ingekuwa kumtoa mtu Arusha na kumshusha Dar tu, basi lingeshashinda zamani. Lakini katikati hapo kuna Usa River, Rundugai, Moshi, Kahe, Same, Makanya, Hedaru, Mombo na Korogwe. Faida kubwa ya treni ya abiria iko huko, na huko ndiko tunakoiacha ipotee.

Reli ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, ikafika Arusha 1929. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kinachotuunganisha na Dar, kilianza kutumika 1963. Treni ya abiria ilisimama miaka ya 1990, ikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Katika miaka yote ile ya ukimya, miji iliyo kando ya lami ilihamishia biashara zake stendi. Walioumia zaidi ni wale ambao barabara kuu haiwapitii. Kahe ilikuwa njiapanda ya reli, tawi moja likielekea Voi kupitia Taveta. Bila treni, imebaki pembeni. Mkalamo, kwenye kipande kile cha 1963, hali ni hiyohiyo. Sehemu kama hizo treni haishindani na basi la mkoani, maana basi lenyewe halipiti.

Tuchukue mfano wa nyanya. Mboga za Lushoto hushuka mlimani zaidi ya kilomita 30 hadi Mombo, na hapo hutafutiwa usafiri. Tenga likiwekwa kwenye buti ya basi linapata joto, linarushwa na kila tuta, na lile la chini linabeba uzito wa yote ya juu. Likifika soko la Kilombero jijini Arusha, nyanya za chini zimeshakuwa rojo. Dalali naye hakati bei ya zile zilizopondeka peke yake, anashusha bei ya tenga zima. Anayelipia hasara hiyo ni mkulima.

Reli haina matuta, na behewa la mizigo likiwa na matundu ya hewa nyanya hufika zikiwa ngumu. Kikwazo ni muda wa kusimama. Watu wawili wakipandisha tenga moja kila sekunde 15, matenga 60 kupitia mlango mmoja yanakula dakika 15. Treni ikisimama dakika 5, yamepanda 20 na mengine 40 yamebaki chini, na mwenye mzigo hatarudi tena stesheni. Hili linatibika kwa gharama ndogo. Mizigo ipimwe na kulipiwa kabla treni haijaingia. Pawe na alama ya rangi inayoonyesha behewa la mizigo litasimama wapi, ili matenga yapangwe hapohapo. Pajengwe jukwaa lililo usawa wa sakafu ya behewa, kwa sababu kinachochosha wapagazi na kula dakika ni kunyanyua kutoka ardhini. Milango miwili ifunguliwe badala ya mmoja. Mzigo wa Arusha uingie kwanza, wa Same na Moshi ukae karibu na mlango. Ukikosea mpangilio huu wa mwisho, Same watapakua nusu ya behewa ili kufikia magunia matatu.

Kinachoniuma zaidi ni ratiba. Treni ikiondoka Dar alasiri ili ifike Arusha asubuhi, ni nzuri kwa miji ya mwisho, lakini Korogwe, Mombo na Same zote zinaangukia usiku. Nani atateremsha tangawizi ya milima ya Same usiku wa manane kwa bodaboda? Mama lishe wa stesheni amuuzie nani chai saa nane za usiku? Naamini kinachotakiwa ni treni fupi ya mchana kati ya Korogwe na Arusha, mabehewa manne tu, hata kama ni mara mbili kwa wiki, mradi siku ziendane na minada na magulio. Watalii nao wangeshuka Same kwenda Hifadhi ya Mkomazi, au Rundugai kwenda chemchemi za Chemka.

Kati ya Arusha na Moshi, treni na basi havipishani sana kwa muda. Reli ni kilomita 86. Kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa ni saa mbili na dakika kumi hivi, karibu sawa na Coaster inayosimamasimama njiani. Nguvu ya treni hapa ni idadi ya abiria. Mabehewa 10 ya viti 80 yanabeba watu 800 kwa kichwa kimoja. Desemba, watu wanapopanda kwenda nyumbani Kilimanjaro na nauli kuruka juu ya kiwango kilichopangwa, behewa moja la ziada halihitaji dereva mwingine. Dar walishaona mwaka 2012 kwa treni ya Mwakyembe, iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, kwamba reli hii hii ya zamani yenye upana wa mita moja inaweza kubeba watu wa kwenda kazini.

Kinachoharibu haya yote ni mwendo. Masika, maji ya tambarare za Ruvu na Wami huzoa kokoto chini ya mataruma, reli ikabaki imening'inia, na kipande hicho kinawekewa kikomo cha mwendo. Kilomita 10 kwa mwendo wa 60 ni dakika 10. Kwa mwendo wa 20 ni dakika 30. Vipande vitano vya namna hiyo vimekula saa moja na dakika 40. Na kwa kuwa njia ni moja, treni moja ikichelewa, inayokuja inaisubiri stesheni. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye kokoto na makalavati kabla ya mvua, rangi ya majengo baadaye.

Wapo wanaosema tungoje SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ya Tanga, Arusha na Musoma. Ile ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza 2024, imeonyesha kuwa watu huacha basi wakiwa na hakika ya saa ya kufika. Naitaka ije. Lakini treni ya mwendo wa 160 haiwezi kusimama Hedaru, Makanya na Kahe ikabaki ya kasi. Reli ya zamani itabaki na kazi yake.

Jukwaa la kupakilia, mizani na paa la mabati si lazima vingoje Shirika la Reli peke yake. Halmashauri za Korogwe, Same, Moshi na Hai, kwa makubaliano na shirika, zinaweza kuviingiza kwenye bajeti, na madiwani huzipitisha kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Wafanyabiashara wa Mombo na Same wapeleke ombi hilo kwa madiwani wao kabla vikao hivyo havijakaa, wakiandika idadi ya matenga na magunia wanayosafirisha kila wiki.