Mimi, Khanga na Mkwe Wangu

Goti langu la kulia lilistaafu kabla yangu. Gegedu limelika, nikiinuka linalia kama mlango wa banda la kuku. Binti wa mazoezi ya viungo kule Tanga alinipa kanuni moja tu: ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mbovu. Ngazi zenye akili zake mwenyewe hakunifundisha.

Basi nimekwenda Uingereza kumwona mwanangu. Yeye na mumewe wakakodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, kama kobe. Tukashika barabara ya A82 kutoka Glasgow kwenda Inverness. Mandhari mazuri, siwezi kusema uongo. Tabu ni kushuka. Mlangoni kuna kidato cha chuma kinachojitokeza kwa umeme, na kutoka hapo hadi chini ni mbali. Tulipolala karibu na Fort William ikawa mbali zaidi, maana mkwe alipandisha magurudumu ya upande wa mlango juu ya vipande vya plastiki ili gari lisilale upande. Chai ilitulia kikombeni, mimi nikawa ghorofani.

Mwanangu akaninunulia kigoda cha plastiki. Nikawa nashuka kinyumenyume, mikono kwenye chuma cha mlangoni, kama mkwezi anayeteremka mnazi.

Asubuhi hiyo mwanangu alikuwa bafuni, yale mabafu ya kambi. Nami nikataka kumfuata. Nimevaa sweta, shimizi, na khanga nimejifunga kiunoni. Nani wa kunitazama porini? Nikateremka, mguu mbovu kigodani, mzima ukafuata. Pindo la khanga likabaki juu ya kidato.

Mkwe, huko mbele, akawasha injini tupate joto.

Kumbe kile kidato kikisikia injini kinajikunja chenyewe, ili mtu asiondoke nacho kinaning'inia. Kikanguruma, kikaingia chini ya gari na pindo la khanga yangu. Kurudi juu, kidato hakuna. Kwenda chini, khanga haina nafasi. Nikisogea kidogo tu, fundo linalegea.

Nikapiga kelele. Mkwe akatoka mbio, akaniona, akageuka papo hapo akatazama kichaka. Kijana ana adabu, kwao Pangani. Akaanza kunijia kwa mgongo, mkono mmoja umefunika macho.

"Mama, nifanyeje?"

"Usinishike!"

"Sikushiki, mama. Natafuta swichi."

Swichi iko ndani, pembeni ya mlango, juu ya bega langu. Akapapasa bila kuangalia, akabonyeza. Ikawaka taa ya nje. Sasa nikawa nimefungwa na nimemulikwa.

Hapo akapita mzee wa Kiskochi, umri wangu au zaidi, fimbo mbili mkononi, anakwenda kupanda mlima Ben Nevis. Mita 1,345! Mimi kigoda kimenishinda. Akatusalimu, akatutazama kwa muda: bibi kakumbatia mlango, kijana anazungumza na kichaka. Nadhani alifikiri ni ibada, maana alivua kofia.

Mwanangu ndiye aliyetuokoa. Alikuja na taulo kichwani, akasema, "Nyie!" kisha akacheka hadi akakaa kwenye majani. Alipomaliza, akazima injini, akabonyeza swichi iliyo sawa, na kidato kikanirudishia khanga ikiwa na alama nyeusi ya grisi.

Tukaendelea na safari. Ziwa lote la Loch Ness tulilipita kimya. Hata yule mnyama wao wa hadithi, wanayesema anaishi ziwani, angetokeza, nani angemtaja? Karibu na Inverness mkwe akakohoa, macho barabarani.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa ya tatu tangu asubuhi.

"Marahaba, baba," nikamwitikia, kwa mara ya tatu.