Kolamu ya "Mengineyo"

Idara ya chuo kikuu ikisema inataka kanzidata (database) yake ya mtandaoni, jibu la kurugenzi ya TEHAMA huwa lile lile: ya nini? Mfumo mkuu upo. Wanafunzi wamesajiliwa humo, matokeo yanatoka humo, hata kontroli namba ya kulipia ada inatoka humo humo. Idara inayodai mfumo wake huonekana kama mpangaji anayechimba kisima uani wakati bomba la mtaa linatoa maji.

Nimekaa pande zote mbili za ubishi huu, kwanza kwenye timu ya mfumo mkuu, baadaye nikiwa mhadhiri niliyekabidhiwa uratibu wa masomo ya uzamili idarani. Naamini idara hazijaeleweka. Hata hivyo hoja za kurugenzi zina uzito, na idara nyingi huzisikiliza sikio moja likiwa limezibwa.

Iliyo kubwa ni ya fundi. Mifumo mingi ya idara huzaliwa ikiwa mradi wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kijana hodari anachukua PHP na MySQL, zana za kutengenezea tovuti na kanzidata, anakesha wiki chache, siku ya uwasilishaji anapigiwa makofi. Anahitimu, anapata kazi, neno la siri la seva, kompyuta inayobeba mfumo, linaondoka naye. Masahihisho ya usalama hayawekwi tena. Fomu ya kuingilia aliyoiandika inachukua kile mtumiaji alichochapa na kukipeleka moja kwa moja ndani ya swali linalokwenda kwenye kanzidata, na mtu mwenye nia mbaya akichapa alama ya nukuu na maneno machache mahali pa jina, jedwali zima linaweza kumfungukia. Udhaifu huu ni wa siku nyingi na dawa yake inajulikana, lakini dawa inahitaji mtu wa kuitia.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haijali kama taarifa za mwanafunzi zimevujia idarani au makao makuu. Atakayejibu ni chuo. Vyuo vya umma vina pia Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Mkurugenzi wa TEHAMA anayekosa usingizi kwa sababu ya seva isiyojulikana iliyo chini ya meza ya mtu namwelewa kabisa.

Hoja ya tatu ni marudio. Cheti cha kidato cha nne kinasema Aisha, orodha ya idara inasema Asha, na siku ya mahafali ndipo inagundulika kwamba hao ni mtu mmoja. Edgar Codd wa IBM alipochapisha mwaka 1970 nadharia ambayo kanzidata nyingi za leo zimejengwa juu yake, sehemu kubwa ya mafunzo yaliyofuata ilikuwa hiyo: jambo moja liandikwe mahali pamoja, kwingine kote lirejelewe. Idara inayonakili majina, alama na ada za wanafunzi inavunja kanuni hiyo waziwazi.

Hayo yote nayakubali. Linalonisumbua ni dhana iliyo nyuma yake, kwamba idara inataka kuandika upya yale ambayo chuo tayari kinayo. Nenda ukakae nusu siku kwenye ofisi ya idara uone kinachoandikwa pale.

Mwanafunzi wa uzamili kwa mfumo mkuu ana hali chache tu: amesajiliwa, anaendelea, amehitimu. Kati ya "anaendelea" na "amehitimu" kuna njia ndefu ambayo mfumo haiioni. Kuna taarifa ya kusudio la kuwasilisha, uteuzi wa watahini, tasnifu kutumwa kwa mtahini wa nje, ripoti kurudi, utetezi, marekebisho, kujalidi, kisha vikao vinavyopanda hadi seneti. Kila hatua ina tarehe yake na ina mtu ambaye mzigo uko mezani kwake. Hakuna hata tarehe moja kati ya hizo niliyoweza kuipata kwenye mfumo mkuu.

Madhara yake niliyaona kwa mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja kwetu kwa ruhusa ya masomo ya miaka miwili. Aliwasilisha tasnifu Julai. Februari akaingia ofisini na bahasha ya kaki mkononi, barua ya mwajiri ikimtaka arudi kituoni au aeleze sababu. Tulifungua mfumo: "anaendelea". Tukampigia mtahini wa nje. Akasema, kwa upole, kwamba hajapokea kitu. Tulitafuta hadi kabatini, tukaikuta tasnifu ndani ya bahasha iliyokwisha kuandikwa anwani, ikisubiri mtu aidhinishe gharama za kuituma. Aliyeandika anwani alijua imeshaondoka. Msimamizi alijua inasomwa. Mimi mratibu sikujua lolote, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Miezi saba. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi. Miezi saba ni muhula mzima na zaidi, ni kuomba kuongezewa muda, ni ada ya muda huo, ni mshahara uliowekwa rehani kwa barua ambayo sisi tulipaswa kuiandika mapema. Ukiuliza ni nani aliyezembea, hupati jina. Palikosekana kitu kimoja tu, cha kuuliza kila Jumatatu asubuhi: ni tasnifu ya nani ina zaidi ya siku 60 tangu ipokelewe bila ripoti ya mtahini kurudi? Kwenye kanzidata hilo ni swali la mistari michache, na bahasha ile ingejitokeza Septemba. Kwenye kaunta buku lazima mtu afunue kurasa akiwa na muda, na muda ndio usiokuwapo.

Nimetaja kaunta buku kwa sababu ilikuwapo. Katibu muhtasi wetu alikuwa na moja, kwaya tatu, jalada limefungwa kwa selotepu, mistari ya kolamu imepigwa kwa rula na biro nyekundu. Jina, namba ya usajili, msimamizi, tarehe ya kuwasilisha, tarehe ya kurudi. Kolamu ya mwisho, nyembamba, iliandikwa "Mengineyo", na huko ndiko mwandiko ulikobanana hadi ukapanda pembeni ya ukurasa. "Msimamizi kastaafu, kapewa mwingine." "Ameahirisha, uzazi." "Jina la cheti tofauti, analeta hati ya kiapo." "Mtahini wa pili hajibu, mwandikie tena." Bahasha ya yule mwalimu nayo ilikuwamo humo, kwa penseli: "inasubiri fedha."

Mpango mzima wa kanzidata ya idara uko kwenye kolamu hiyo, na ni watu wachache mno wanaoisoma kabla ya kuanza kuandika programu. "Msimamizi kastaafu" inakuambia kwamba msimamizi hawezi kuwa kisanduku kimoja kwenye jedwali la wanafunzi. Anahitaji jedwali lake, lenye tarehe ya kuanza na ya kuacha, la sivyo ukimwandika mpya unamfuta wa zamani na kazi aliyoifanya. "Ameahirisha" inakuambia hali ya mwanafunzi ina vipindi, na siku za likizo ya uzazi zisihesabiwe anapoulizwa amechelewa kiasi gani. "Jina la cheti tofauti" inakukataza kumtambua mtu kwa jina. Mtambue kwa namba ya usajili. "Inasubiri fedha" inakuambia kwamba kupokelewa na kutumwa ni tarehe mbili tofauti. Kaunta buku ilikuwa na ya kwanza tu, na sisi tukaichukulia kuwa ni zote mbili.

Tulikwisha jaribu Excel katikati, kama kila idara. Inasaidia, kisha inasaliti kimyakimya. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake. Watu watatu wanakuwa na matoleo matatu ya faili moja, kila moja likiitwa "final". Uingereza, nchi isiyopungukiwa wataalamu, mwaka 2020 iliacha nje ya takwimu zake visa 15,841 vya UVIKO-19 kwa sababu faili la aina ya zamani ya Excel lilifikia ukomo wa mistari yake na yaliyozidi yakaachwa bila kelele. Kwa hiyo idara isiambiwe ikatumie Excel hadi mfumo mkuu "utakapoboreshwa". Maboresho hayo niliyapanga mwenyewe nilipokuwa upande ule. Foleni ilikuwa ndefu, na ombi la idara yenye wanafunzi 40 wa uzamili halikupita mbele ya udahili wa maelfu hata siku moja.

Wanaoogopa vitu vinavyoanzia chini watazame DHIS, mfumo wa takwimu za afya. Ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, programu iliyojengwa juu ya Microsoft Access kwa ajili ya wafanyakazi wa afya wilayani. Waliobuni walishikilia mambo mawili: takwimu zinazokusanywa ziwe chache kadiri inavyowezekana, na anayezikusanya awe wa kwanza kunufaika nazo. Chuo Kikuu cha Oslo kikaiendeleza hadi ikawa DHIS2 ya mtandaoni, ambayo leo wizara za afya za nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo, zinaitegemea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa walioshiriki safari hiyo kwa miaka mingi. Ilikua kwa sababu ilimsaidia mtu wa chini kwanza.

Wanaodai kwamba kuachia data chini ni kukaribisha vurugu, nao wana mfano wa nyumbani wa kuutafakari. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliendesha udahili wa pamoja tangu mwaka 2010. Mwaka 2017 maombi yakarudishwa vyuoni. Chuo kinapokea maombi na kuchagua, TCU inahakiki sifa na kubaini waliochaguliwa zaidi ya mahali pamoja. Mvutano haukwisha, lakini mgawanyo unaeleweka: kila taarifa ina mwenyewe, na kazi ya kuzuia marudio imebaki mahali pamoja.

Idara inaweza kuishi kwa mgawanyo huo huo. Jina, namba ya usajili, alama na ada ni mali ya mfumo mkuu. Mfumo wa idara uzisome huko inapolazimu, usizinakili wala kuzibadili. Alama nisingeziweka kabisa. Tarehe za tasnifu, wasimamizi, nafasi za mafunzo kwa vitendo, nani ameazima kifaa gani cha maabara, hayo ni ya idara. Taarifa zikipungua hivyo, hata siku ya uvujaji hasara inapungua. Hofu ya fundi nayo inapata jibu: mfumo uwe na waajiriwa wawili wanaoujua, maneno ya siri yahifadhiwe kurugenzini, bakapu, yaani nakala ya akiba, ichukuliwe kila usiku, na mara moja kwa muhula ijaribiwe kurudishwa kwenye kompyuta nyingine. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa siiamini.

Kisha seva ikae wapi? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini na intaneti ikazorota kwa siku kadhaa Tanzania na nchi jirani. Mfumo uliopangishwa ughaibuni unaweza kuwa mbali hata na katibu muhtasi aliye hatua chache kutoka kwa wanafunzi wake. Ulio kwenye chumba cha seva cha chuo unafunguka kwa mtandao wa ndani. Chumba hicho kina jenereta na walinzi, na kiko chini ya kurugenzi. Ndiyo maana siamini kwamba idara ijitenge.

Ninachokiomba kurugenzini ni kidogo. Mlango mmoja wa kusoma tu, wenye namba za usajili, majina na programu za masomo za wanafunzi wa idara husika, usiotoa alama wala ada. Na nafasi kwenye seva ya chuo. Idarani naomba kwamba kabla kijana yeyote hajafungua kompyuta yake, akae siku mbili na katibu muhtasi, kaunta buku ikiwa wazi kati yao, amsomee kolamu ya mwisho mstari kwa mstari, na kila mstari amuulize: hili lilipotokea, nani alipaswa kujua, na alijua lini?