Namba tasa ya tarakimu milioni 41 ina kazi gani?

Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Mmarekani Luke Durant amepata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Durant alikodi maelfu ya chipu za michoro zilizotawanyika katika nchi 17 na kuziunganisha na GIMPS, mradi wa kujitolea ulioanza 1996. Wengi wakauliza: umeme na fedha zote hizo kwa faida gani?

Jibu linalotolewa haraka ni usalama wa mtandao. Jibu hilo halifai. Ni kweli kwamba usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe mtandaoni, hutegemea namba tasa, lakini ufunguo wa biti 2048 hutengenezwa kwa namba mbili zenye tarakimu 309 hivi kila moja, tena za siri. Namba inayojulikana dunia nzima haifichi kitu.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi: hatujui bado kama namba tasa za aina hii, ziitwazo za Mersenne, zina mwisho, na kuipata hii ya Durant, ya 52 kujulikana, hakutusogezi karibu na uthibitisho. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Lakini tazama jinsi zinavyopimwa. Chukua kipeo cha 5: 2 kwa kipeo cha 5, ukitoa 1, ni 31. Anza na 4. Zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 31, chukua baki, kisha rudia. Nne inazaa 14. 14 inazaa 194, baki 8. Nane inazaa 62, baki 0. Hatua 3, yaani kipeo ukitoa 2, na sifuri hiyo inathibitisha kuwa 31 ni tasa. Kwa kipeo cha 11, hatua 9 zinaishia kwenye 1736, si sifuri: 2047 si tasa, ni 23 mara 89. Kipimo kimeligundua hilo bila kutafuta kigawo hata kimoja! Kwangu mimi, uzuri wa hesabu ndio huu.

Namba ya Durant ilithibitishwa kwa njia hiyohiyo, kwa hatua zaidi ya milioni 136, na kosa dogo katika hatua moja lingeharibu zote zinazofuata. Ndiyo maana programu ya mradi huo, Prime95, hutumika pia kukagua uimara wa kompyuta. Mwaka 2016 ilifichua kasoro katika chipu za Intel za Skylake. Faida hiyo inashikika.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Kwa miaka mingi rekodi hizi zilivunjwa na kompyuta za kawaida za watu wa kujitolea, ila safari hii mitambo ya kukodi ndiyo iliyoshinda. Zawadi ya GIMPS ni dola 3,000, kwa hiyo hakuna anayetajirika hapa, lakini mwenye uwezo wa kukodi sasa anamtangulia mbali mwenye kompyuta moja nyumbani. Huyu wa pili bado ana kazi ya maana: vipo vipeo vingi vilivyopimwa mara moja tu, vinavyosubiri kuhakikiwa.