Kuposti kwamba unatafuta kazi si kujianika

Kijana akiandika tu mtandaoni kwamba anatafuta kazi, wapo wa kumcheka. Anajianika, watasema, mambo ya nyumbani anayapeleka barabarani, na tena kazi siku hizi ni kujuana. Hiyo ya mwisho ni kweli tupu, na ndiyo iliyomfikisha pale.

Mtoto wa mkurugenzi haposti. Baba anapiga simu moja, Jumatatu kijana anaripoti. Binti aliyemaliza diploma ya uhasibu Singida, wa kwanza kwao kuvuka kidato cha nne, baba yake ampigie nani? Kumwambia huyo asubiri kujuana ni kumwambia akae.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Yaani aliyeleta habari ya kazi, mara nyingi, hakuwa ndugu wala rafiki wa kila siku. Ukikaa na takwimu hiyo unaona mantiki yake: wenzako wa kijiweni wanasikia yaleyale unayosikia, na pengine nao hawana kazi. Mliyesoma naye kidato cha pili, leo yuko stoo ya kampuni fulani Mtwara, anasikia usiyosikia.

Utaniambia hao walikuwa watu 54 tu, wataalamu na mameneja, na Newton si Temeke. Sawa. Lakini mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa miaka mitano, na matokeo yakaelekea kulekule, ila kwa sharti moja. Waliosaidia zaidi hawakuwa wa karibu sana, wala wageni kabisa. Walikuwa wale wa katikati, mnaofahamiana kidogo na wenye marafiki wachache mnaowajua nyote. Kwa hiyo anayejisifu kuwa na marafiki elfu tano asiowajua hata mmoja hajafika popote. Grupu la WhatsApp la waliomaliza shule pamoja, lile linalofufuka kukiwa na msiba au harusi, lina thamani kuliko hao elfu tano.

Wanaocheka wana hoja wanapogusa namna tunavyoposti. "Natafuta kazi yoyote, nina digrii, naomba koneksheni." Hapo msomaji mwenye nia njema amsaidieje? Hajui umesomea nini, uko wapi, unaweza nini. Linganisha na fundi wa aluminiamu anayeweka kwenye stetasi picha ya dirisha alilofunga jana, ya pembe jinsi zilivyokutana, na chini yake: niko Mbagala, kazi hii siku mbili, nasafiri hadi Morogoro. Huyo hajaomba chochote, na mtu akiulizwa fundi anajua amtaje nani.

Utapeli nao upo, na mtandao umeupa mbio ambazo karatasi za kubandikwa kwenye nguzo za umeme hazikuwa nazo. Hela ya fomu, hela ya usaili, hela ya kupima afya, halafu namba haipatikani. Wapo Wakenya na Waganda walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta kambini Myanmar wakilazimishwa kutapeli wengine. Mabinti wanaambiwa "njoo inbox", na wanachoombwa huko si cheti. Kinga zilizopo ni za kawaida, hazitoshi, ila zinapunguza: ajira nyingi za serikali Tanzania zinaombwa bure kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na tangazo lisiloonekana kwenye tovuti ya taasisi yenyewe lichukuliwe ni uongo hadi ithibitike vingine. Anayekudai pesa ili akuajiri hana kazi ya kukupa.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni nyingine. Kuposti hakuongezi nafasi hata moja. Nafasi zikiwa kumi na waombaji elfu, wataajiriwa kumi tu hata kama wote wanajua kuposti. Hilo silipingi, na anayewauzia vijana kozi za "kupata kazi kwa simu yako" analijua pia. Ninachotetea ni kidogo kuliko hicho: habari ya hizo nafasi kumi ifike Singida kabla tarehe haijapita. Leo matangazo mengi yanayozunguka kwenye magrupu yamekatwa picha, hayana tarehe ya mwisho wala tovuti, na kijana anamaliza bando akifuatilia nafasi iliyofungwa mwezi uliopita. Walioyatuma kwanza, mara nyingi, ni watu wenye ajira tayari, waliokuwa na tangazo zima mkononi.